Chokaa Kabla ya Mnunuzi

Mnunuzi anayezijua nyumba za mawe za pwani hii haanzi na mlango, hata uwe umechongwa kwa ustadi gani. Huingia, husalimu, huketi alipokaribishwa, na mazungumzo yakiendelea huweka kiganja ukutani, usawa wa kiuno hivi, akakiacha hapo. Anatafuta unyevu. Ukuta wa matumbawe uliopakwa rangi juzi waweza kupendeza macho na bado ukawa mbichi mkononi. Nataka kuwasifu mafundi ambao kazi yao huanza miezi mingi kabla ya kiganja hicho kufika, watu wa mwiko na burashi ambao, wakikabidhiwa nyumba kuukuu waiandae kwa kuuzwa, huitengeneza kana kwamba wao ndio watakaolala humo.

Ufundi wenyewe ni wa pwani nzima ya kaskazini. Ukitoka Kismayo ukashuka kusini kwa chombo, unavipita visiwa vya Wabajuni, Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo, mpaka Ras Kiamboni, na penye mji wa zamani hukosi kuta za matumbawe zilizoungwa kwa chokaa. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyefukua Kilwa na Manda, aliipitia pwani hiyo na mwaka 1969 akachapisha taarifa ya magofu yake: misikiti, makaburi, kuta za miji iliyohamwa. Mtaliano Vinigi Grottanelli alikuwa amemtangulia. Kitabu chake juu ya wavuvi wa Kibajuni kilitoka mwaka 1955. Paa za majumba hayo zilianguka zamani. Kuta zimebaki zikipigwa na upepo wa chumvi, na aliyezijenga hakuwa na mfuko hata mmoja wa saruji.

Kismayo ya leo ina haraka nyingine. Vita vilivyozuka mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni, wengi wakakimbilia Kenya, na nyumba walizoziacha zikaingiwa na watu wengine. Tangu mwaka 2012, Al-Shabaab walipoondolewa mjini, watu wamekuwa wakirudi, viwanja vinauzwa, matofali ya saruji yanapanda, mabati yanang'aa. Huko, kuiandaa nyumba kuonyeshwa huanza na watu kabla ya kuta: nani mwenyewe, warithi ni wangapi na wako wapi, jirani yupi anaweza kusimama mbele ya wazee akasema aliiona ikijengwa. Dalali asiye na majibu hayo hana nyumba ya kuonyesha, hata ikipakwa rangi mpya kila wiki. Naihesabu kazi hiyo kuwa ndiyo sehemu ya kwanza ya ufundi, na wanyonge wengi wamepoteza nyumba zao kwa sababu mtu aliyekuwa na nguvu aliiruka.

Kazi ya chokaa kwa ukamilifu wake utaikuta leo upande wa kusini wa mpaka, katika visiwa vya Lamu, ambako Wabajuni hao hao wana miji yao Faza, Kizingitini, Ndau na Kiwayu. Soko la nyumba lipo pia. Mji wa kale wa Lamu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kabla ya hapo wageni, wengi wao Wazungu, walikuwa wamekwisha kuanza kununua majumba ya mawe ya Lamu na Shela. Nyumba iliyokaa ndani ya ukoo mmoja vizazi na vizazi, leo warithi wamekubaliana iuzwe. Mmoja yuko Mombasa, mwingine Jeddah, mwingine London. Anaitwa fundi.

Siku ya kwanza hachanganyi kitu. Hupanda juu ya nyumba kabla ya kushuka chini, maana maji huiingia nyumba ya mawe kwa njia mbili, paani na msingini, na ya paani ndiyo huua haraka. Hutazama mifereji ya kutolea maji ya mvua, hutazama nyufa za sakafu ya juu, huyafuata madoa mpaka kwenye boriti zilizo chini yake. Halafu hushuka, akaanza kugonga kuta kwa mpini wa mwiko, hatua kwa hatua, chumba baada ya chumba. Lipu iliyoshika hujibu kwa sauti nzito, fupi. Iliyoachana na jiwe husikika tupu. Kila penye utupu huweka alama ya mkaa, na hutokea alasiri ikifika chumba kizima kimejaa alama nyeusi na mwenye nyumba ameanza kujuta kumwita.

Mara nyingi anachokigundua ni kazi ya mtu mwingine aliyepita miaka michache nyuma na saruji. Hapa inafaa kueleza, kwa sababu ndipo nyumba nyingi za pwani zinapoharibiwa na watu wenye nia njema. Jiwe la matumbawe lina vitundu. Hunyonya maji ya ardhini, na maji ya kisiwani yana chumvi. Ukuta uliopigwa lipu ya chokaa hupumua: maji hupanda kidogo, hutoka usoni pa ukuta yakawa mvuke, na chumvi hubaki nje kama unga unaofagiliwa. Ukiuziba ukuta huo kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Hupanda juu zaidi, yakitafuta mahali, na chumvi huganda nyuma ya saruji ikawa inaisukuma. Mwaka mmoja, miwili, kisha bamba zima linadondoka, nalo limeondoka na uso wa jiwe lenyewe. Rangi ya mafuta hufanya hivyo hivyo kwa kasi ndogo. Kwa muuzaji mwenye haraka vitu hivi viwili vina sifa moja: vitaficha unyevu kwa muda wa kutosha fedha zikabidhiwe.

Kwa hiyo fundi wa chokaa hubomoa kwanza. Saruji yote hutolewa kwa patasi, taratibu, jiwe lisiumie. Ukuta huachwa uchi, na kuachwa uchi maana yake ni majuma, wakati mwingine miezi, madirisha na milango ikiwa wazi ili upepo wa baharini upite. Hakuna kipindi kigumu kuliko hiki katika kuandaa nyumba. Simu zinapigwa kutoka London: mnunuzi anakuja Ijumaa, kwa nini nyumba inaonekana gofu? Fundi mbaya hapo hukubali. Mzuri husema hapana kwa heshima na kuendelea kufagia chumvi.

Wakati ukuta unakauka, chokaa inaandaliwa. Namna ya zamani, ambayo Lamu haijafa, ni kupanga magogo kwa mviringo, tabaka juu ya tabaka, katikati pakiachwa tundu, na juu yake kurundikwa vipande vya matumbawe. Moto huwashwa kwenye tundu ukala kutoka ndani kuelekea nje. Joto likifika kama nyuzi 900 za selsiasi, jiwe huachia kaboni dioksaidi iliyokuwa imefungwa ndani yake na kubadilika. Kilo 100 za jiwe safi hubaki 56. Zilizosalia 44 zimepaa hewani. Kinachobaki ni cheupe, chepesi na kikali, na kikimwagiwa maji huchemka chenyewe bila moto. Mtoto hapaswi kuwa karibu, wala mtu mzima mwenye jicho wazi. Maji yakikolea huzimika, ikawa chokaa nzito, laini, ya kuhifadhiwa shimoni au ndani ya pipa, chini ya maji, hewa isiifikie.

Hapo ndipo subira inapoingia kwa uzito wake. Chokaa iliyolala muda mrefu ni bora kuliko iliyozimwa jana: punje zilizokuwa hazijaiva humalizika kuiva zikiwa ndani ya maji, badala ya kuja kuvimba ukutani na kuupasua. Warumi walilijua jambo hili. Pliny anataja sheria za kale za ujenzi zilizomkataza mkandarasi kutumia chokaa iliyokaa chini ya miaka 3. Hakuna muuzaji wa nyumba atakayengoja miaka 3, na hakuna fundi anayemwomba angoje; fundi mwenye akili ana pipa lake lililozikwa uani tangu kazi nyingine mbili nyuma, na utajiri wake wa kweli umo humo. Nikitaka kumjua fundi, pipa hilo ndilo ningependa kuonyeshwa kwanza.

Lipu hupigwa kwa tabaka. Ya kwanza ni nene na ina mchanga mwingi, mchanga uliochekechwa na usio na chumvi, maana mchanga wa ufukweni huurudishia ukuta ugonjwa ule ule uliotibiwa. Kabla ya mwiko kugusa, jiwe hurushiwa maji. Kijana wa kazi, aghalabu mtoto wa ndugu, huuliza, "Ami, tuanze?" Fundi hutazama maji yanavyotoweka jiweni. "Bado, mwanangu. Ukuta una kiu. Ukiupa lipu sasa utaifyonza maji yake, ibaki unga." Anarusha tena. Tabaka la kwanza likishika huchanwa chanwa ili la pili lipate pa kujishikia, na kati ya moja na jingine siku hupita, si saa. Wakati wa kaskazi upepo mkavu huipasua lipu kabla haijakomaa, kwa hiyo magunia yaliyoloweshwa hutundikwa mbele ya ukuta, yakiloweshwa tena asubuhi na jioni. Chokaa haikauki tu. Inaivuta tena kutoka hewani ile kaboni dioksaidi iliyoipoteza motoni, polepole, ikarudi kuwa jiwe. Mchakato huo unahitaji unyevu na muda, na hakuna dawa ya kuuharakisha.

Juu ya yote huja ile lipu ya mwisho ambayo Lamu wanaiita niru. Ni chokaa iliyochujwa ikawa laini kabisa, inapigwa kwa unene wa milimita chache, na kazi yote iko katika kuisugua. Fundi huanza ikiwa bado mbichi na kurudi tena na tena kadiri inavyojifunga, mwiko wa chuma ukilazwa karibu kabisa na ukuta, msukumo wa bega zima, mpaka uso wake unaanza kurudisha mwanga. Mafundi wa Marrakech wana kazi ya ukoo mmoja na hii, tadelakt, wanayoisugua kwa jiwe laini na sabuni. Fundi wa niru akianza mapema mwiko huivuta lipu ikatoka. Akichelewa imekwisha kuwa ngumu na mng'aro haupatikani tena. Saa hiyo ya katikati haiandikwi popote. Naiona mikono ikiijua kabla ya mdomo kuweza kuisema, na nimewahi kumwona mzee akiacha kikombe cha chai katikati, akainuka bila neno, kwa sababu ukuta ulikuwa umefika.

Mng'aro huu una kazi yake. Chumba cha nyumba ya zamani ya Lamu au Pate kina upana usiozidi mita 3 hivi, kwa kuwa boriti ya mkoko haina nguvu ya kubeba dari ya mawe kwa urefu zaidi ya huo. Vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine kutoka kiwanda, ule ua wa ndani, kwenda misana, vile vyumba vya kwanza kutoka uani, na mwisho ndani kabisa, na kila unapozidi kuingia, madirisha yanakwisha. Mwanga wote unatoka kiwandani. Ukuta wa niru huupokea na kuupeleka chumba cha pili, nacho cha tatu. Nyumba iliyopakwa rangi ya dukani, hata iwe nyeupe kiasi gani, humlazimu dalali kuwasha taa mchana, na mnunuzi hudhani kasoro ni ya wazee walioijenga.

Zidaka ndizo zinazonipa taabu ya kuamua. Ni safu za vijishubaka vilivyochongwa kwenye lipu ya ukuta wa ndani, palipokaa sahani za kaure za China, misahafu na vitu vya heshima. Kila mwaka mtu alipopaka chokaa mpya bila kukwangua ya zamani, nakshi zilizidi kuzama, mpaka majani na mizunguko ikawa matuta yasiyo na sura. Fundi hukaa mbele ya kidaka kimoja na kijiti kilichochongwa ncha, akiondoa mipako ya miaka mingi, na hawezi kutumia chuma kwa sababu nakshi na kilichoifunika ni kitu kile kile, chokaa juu ya chokaa. Siku nzima yaweza kwisha kwenye kidaka kimoja. Swali ni lile lililovunjika: lijazwe na kuchongwa upya, au liachwe? Wauzaji hutaka lijazwe, lionekane zima. Nami naungana na mafundi wanaojaza pale tu ambapo nakshi ya jirani inaonyesha bila shaka kilichokuwapo, na pengine pote huacha lipu tupu, safi. Kuchonga cha kubuni ndani ya ukuta wa karne ya 18 ni kumuuzia mtu asichokinunua.

Mambo mengine huenda haraka. Boriti zilizooza hubadilishwa, na zilizo nzima hufutwa na kuachwa. Wajenzi wa zamani wa majumba makubwa walizichonga pembe nne, na alama za tezo zao zinaonekana bado. Mlango hupanguswa vumbi kwenye nakshi kwa burashi kavu, ukapakwa mafuta kidogo. Birika la chooni husuguliwa, na kama watu wa nyumba wanafuata ya kale, samaki wadogo hurudishwa ndani ya maji wale viluwiluwi vya mbu.

Mwisho ni kupaka. Maji ya chokaa yanayopakwa yanatakiwa yawe mepesi kama maziwa, na mwanafunzi huyaona mepesi mno. Hupaka, haoni kitu; ukuta umelowa tu, wa kijivu. "Ami, mbona haishiki?" Imeshika. Ikiwa mbichi haionekani. Weupe wake huja ikikauka. Asiyeamini huongeza chokaa mpaka ikawa nzito, na huo ndio ukuta unaoacha unga kwenye nguo ya kila anayeegemea, mnunuzi akiwa wa kwanza. Fundi hupaka mara 4 au 5, mpako wa huku ukikatwa na wa kule, kila mmoja ukisubiri mwenziwe ukauke.

Waislamu wa pwani hii wanakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini ya nafaka kavu. Muuzaji alisingizia mvua. Aliulizwa kwa nini basi hakuiweka mbichi juu, watu waione, na akaonywa kuhusu udanganyifu. Fikihi imejenga juu ya msingi huo haki ya mnunuzi kurudisha kitu kilichofichwa aibu yake. Mafundi wazee wa chokaa ninaowaheshimu hawakuwa na haja ya kukihubiri kisa hicho kazini. Walichagua vifaa visivyoweza kuficha. Ukuta wa chokaa ukiwa na maji, utasema wenyewe: doa litatokea, weupe utafifia sehemu hiyo, na kila mtu ataliona. Anayeiandaa nyumba kwa chokaa amekubali tangu mwanzo kwamba itatazamwa na mtu mwenye macho.

Ndiyo maana siku ya kuonyesha, fundi huwapo. Hasimami mbele, yuko ngazini au uani, ila yupo, na mwenye nyumba mwelekevu humwita. Asubuhi ndiyo saa inayofaa, jua likiwa limeanza kuingia kiwandani, sakafu zimefagiwa, ubani umefukizwa mapema ili harufu yake iwe imepungua na isionekane inafunika nyingine. Mnunuzi anaweka kiganja ukutani. Mwingi ni mkavu. Kwenye pembe ya kaskazini, karibu na kisima cha jirani, upo ubaridi, na fundi humwambia kabla hajauliza: "Hapa, bwana, patataka mwaka mwingine. Usipapige saruji." Dalali hukunja uso. Bei huteremka kidogo, halafu mazungumzo huwa mepesi, kwa kuwa mtu aliyeambiwa ubaya wa pembe moja huacha kuzitilia shaka nyingine zote.

Wakikubaliana, fundi humpeleka mwenyeji mpya uani kumwonyesha chokaa iliyobaki, imefunikwa na maji juu yake, na kumfundisha kipimo. Apake kila mwaka baada ya masika, mipako 2 inatosha. Akwangue nakshi za zidaka kwanza. Na ukuta aunyweshe maji kabla ya kuanza.